Kutoka Biasharani hadi Hazina: Amir Jamal na Swali la Mfanyabiashara Serikalini

(Mhadhara wa hadhara uliotolewa kata ya Getanuwas, Wilaya ya Hanang, Mkoa wa Manyara)

Ndugu Mwenyekiti wa mkutano, Mheshimiwa Diwani, maofisa watendaji wa kata na vijiji, walimu, wazee wetu wa Kibarbaig na Kiiraqw mlioketi mbele, akina mama mliotoka Basotu na Mulbadaw, na ninyi vijana mliosimama mlangoni kwa kukosa viti: mmeacha shughuli zenu kuja kumsikiliza mtu akizungumzia siasa wakati ambao si wa kampeni. Ni wakati mzuri. Kampeni zikianza hatusikilizani.

Nimekuja na lengo moja. Nataka tuitazame safari ya mtu mmoja aliyetoka kwenye biashara ya familia yake akaingia serikalini, akashika hazina ya nchi hii kwa miaka mingi kuliko wengi waliomfuata, kisha tujiulize: mfanyabiashara anapokuja kwetu kuomba kura, tumdai nini? Mtu huyo ni Amir Habib Jamal. Najua wengi mlio chini ya miaka 50 hamjalisikia jina hilo. Alizaliwa Mwanza mwaka 1922 katika familia ya Kihindi ya madhehebu ya Ismailia, akafariki Vancouver, Canada, mwaka 1995. Kati ya tarehe hizo mbili aliongoza wizara za ujenzi na mawasiliano, mipango, biashara na viwanda, na Wizara ya Fedha alipewa mara tatu: 1965 hadi 1972, 1975 hadi 1977, na 1979 hadi 1983.

Nimemchagua yeye kwa sababu hajawahi kuhusishwa na kashfa ya kujitajirisha. Ningemchagua mtu mwenye doa, tungetoka hapa tumekubaliana kwamba wezi ni wabaya, na hilo halihitaji mhadhara. Kwa Jamal swali ni gumu zaidi, maana inabidi tumpime mtu mwadilifu.

Hoja ya kwanza: biashara hufundisha mambo ambayo serikali inayahitaji

Wapo wanaosema mfanyabiashara asikanyage kabisa kwenye siasa. Sikubaliani nao, na historia ya nchi yetu hainipi nafasi ya kukubaliana nao. Mtu aliyewahi kuchukua mali kwa mkopo, akaipitisha barabara ya masika, akamkopesha mkulima ambaye hana kitu hadi avune, anajua shilingi inavyotoka mkono mmoja kwenda mwingine, na inapokwama. Ujuzi huo haupatikani kwa kusoma nyaraka peke yake.

Jamal alisoma Chuo Kikuu cha Calcutta, India, miaka ya mwanzo ya 1940, wakati Wahindi wakiwadai Waingereza waondoke. Aliporudi Tanganyika aliingia kwenye biashara ya familia. Kwa hiyo alikuwa na vitu viwili kwa pamoja: macho ya mtu aliyeona taifa kubwa likidai uhuru wake, na mazoea ya mtu anayefunga hesabu kila jioni.

Mwanza ya miaka ile ilikuwa mji wa pamba. Na pamba ilikuwa na ugomvi wake, ugomvi ambao ninyi mnaoujua mnada na ghala mtauelewa upesi: mizani. Wakulima wa Kisukuma walilalamika kwamba wanunuzi wanawapunja kwenye uzito. Kutokana na malalamiko hayo akatokea kijana mwingine wa Mwanza, Paul Bomani, aliyeanza na ushirika wa wafanyabiashara wa Kiafrika, kisha akaenda kijiji kwa kijiji kuwaunganisha wakulima mpaka ukapatikana muungano wa vyama vya ushirika wa Victoria, mojawapo ya vyombo vikubwa vya ushirika barani Afrika. Bomani akawa Waziri wa Fedha mwaka 1962. Mwaka 1965 akaangushwa jimboni kwake katika uchaguzi, na kiti chake cha wizara akapewa Jamal. Tazameni mji mmoja na zao moja vilivyotoa mawaziri wa fedha wawili mfululizo, mmoja kutoka jamii ya wafanyabiashara, mwingine kutoka upande wa wakulima waliokuwa wakilalamikia mizani. Nchi iliwahitaji wote wawili.

Turudi nyuma kidogo. Uchaguzi wa 1958 na 1959 ulikuwa wa kura tatu: kila mpiga kura alilazimishwa kuchagua Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja, na haki ya kupiga kura yenyewe ilikuwa na masharti ya kipato, elimu au wadhifa. Chama cha TANU kilibishana sana Tabora, Januari 1958, kabla ya kukubali kushiriki. Kukubali kulimaanisha kutafuta Waasia na Wazungu wanaoamini katika uhuru. Hapa Jimbo la Kaskazini, ambalo Mbulu nzima ilikuwa ndani yake pamoja na Hanang hii ya leo, kiti cha Waasia kilikwenda kwa mama mmoja wa Arusha, Sophia Mustafa. Jamal naye aliingia Baraza la Kutunga Sheria kwa kuungwa mkono na TANU.

Julai 1959 gavana alipowateua mawaziri watano wa kwanza kutoka miongoni mwa wajumbe wa kuchaguliwa, Jamal alikuwamo. Alikuwamo pia George Kahama, aliyetoka kwenye uongozi wa ushirika wa kahawa Bukoba, na Derek Bryceson, mkulima. Nchi ilipoanza kujifunza kujitawala, iliwashika kwanza watu waliokwisha kuendesha kitu, iwe shamba, ushirika au biashara.

Wazee, kuna kitu mliwahi kukishika mikononi mwenu. Juni 14, 1966, Benki Kuu yetu ilifungua milango na shilingi ya Tanzania ikaanza kutumika badala ya shilingi ya Afrika Mashariki. Noti zile za kwanza, za shilingi 5, 10, 20 na 100, zilikuwa na saini mbili: ya Gavana, Edwin Mtei, na ya Waziri wa Fedha, Amir Jamal. Mfugaji aliyeuza ndama wake mnadani Katesh mwaka huo aliweka mfukoni saini ya mwana wa mfanyabiashara wa Mwanza. Naona mzee wetu pale anatikisa kichwa. Bila shaka anazikumbuka.

Hoja ya pili: anayeingia serikalini lazima kuwe na kitu anachokiacha nje

Mwishoni mwa Januari 1967 Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Arusha, na Februari 5 Azimio la Arusha likatangazwa. Wengi wetu tulifundishwa Azimio kama ujamaa na kujitegemea. Sehemu ambayo mimi naiona nzito zaidi kwa somo letu ni ile fupi ya masharti ya uongozi. Kiongozi wa TANU au wa serikali awe mkulima au mfanyakazi. Asiwe na hisa katika kampuni yoyote. Asiwe mkurugenzi katika kampuni ya kibepari. Asiwe na mishahara miwili au zaidi. Asiwe na nyumba ya kupangisha. Na kwa kuwa waliotunga walijua watu, waliandika kwamba kiongozi maana yake ni mtu pamoja na mkewe, au pamoja na mumewe.

Siku moja tu baadaye, Februari 6, serikali ilitangaza kutaifisha mabenki. Barclays, Standard, National and Grindlays na nyingine zote zikawa mali ya umma, na Benki ya Taifa ya Biashara ikazaliwa. Fikirieni hali ya Waziri wa Fedha. Benki zile zilikuwa zikikopesha kahawa, pamba na katani, na misimu ya kilimo haingoji siasa itulie. Fidia ilipaswa kujadiliwa na wenye benki huko London. Fedha za kununua mazao zilipaswa kufika vyamani kwa wakati. Mtu ambaye hajawahi kujua maana ya kukosa fedha taslimu siku ya kununua mali angeweza kuyumbisha nchi nzima katika miezi ile. Hapa ujuzi wa biashara ulitumika kuvunja mfumo ambao biashara ile ile ilikuwa imeutegemea.

Kisha ikaja Aprili 1971. Sheria ya kutwaa majengo ilichukua nyumba za kupangisha zenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000. Kwenye karatasi sheria haikutaja kabila wala asili ya mtu. Mitaani, Dar es Salaam, Mwanza, Tanga na Arusha, wenye majengo hayo kwa sehemu kubwa walikuwa Waasia. Familia nyingi zilipoteza akiba ya maisha yao, na wengi wakafunga mizigo wakahama nchi. Waziri wa Fedha wa serikali iliyofanya hivyo alikuwa mtu wa jamii yao. Baadhi yao walimwona msaliti. Jamal hakujiuzulu wala hakukimbia. Alibaki serikalini miaka mingine mingi, na wapiga kura wa Morogoro, ambao karibu wote walikuwa Waafrika, walikuwa wamempa ubunge kwa kura nyingi tangu 1965.

Sisemi sheria ile ilikuwa ya haki kwa kila aliyenyang'anywa. Wapo wajane na wastaafu walioumia bila kosa, na naamini nchi iliwadai zaidi ya walichostahili. Nisemacho ni kwamba hapa tunamwona mtu aliyechagua upande mmoja kabisa. Alipokuwa waziri, hakuna aliyeweza kusema anaitunga sheria ili alinde ghala lake.

Majirani zetu Wakenya walichagua njia nyingine mwaka huo huo wa 1971. Tume ya Ndegwa iliruhusu watumishi wa serikali kumiliki biashara huku wakiwa kazini. Kenya ilipata tabaka kubwa la wafanyabiashara wazalendo, hilo halipingiki. Njenga Karume, aliyeanza kwa kuuza mkaa, alifika kuwa tajiri mkubwa na baadaye Waziri wa Ulinzi. Lakini ruhusa ile ilimweka ofisa wa ardhi kwenye nafasi ya kugawa ardhi na kuitaka ardhi ile ile, na Kenya ilihangaika na jambo hilo hadi ikalazimika kuandika sura nzima ya sita ya Katiba ya 2010 kuhusu uongozi na uadilifu.

Hoja ya tatu: uadilifu wa mtu mmoja hautoshi

Hapa ndipo penye uzito wa niliyokuja kuyasema, na naomba mnivumilie, kwa sababu yanagusa ardhi tunayoikanyaga.

Kizazi cha Jamal kilimwondoa mfanyabiashara binafsi kwenye maeneo makubwa ya uchumi, na mahali pake kikamweka mfanyabiashara mwingine: serikali yenyewe. Mashirika ya umma yakanunua, yakauza, yakalima, yakasafirisha. Mawaziri walikuwa hawana hisa. Lakini nani alimkagua huyu mfanyabiashara mpya? Nani angemfukuza akikosea?

Shirika la Taifa la Kilimo na Chakula, NAFCO, lilianzishwa mwaka 1969. Kwa msaada wa Canada likaanza kulima ngano Basotu, na kufikia miaka ya 1980 yalikuwapo mashamba saba kwenye tambarare hizi: Basotu, Setchet, Mulbadaw, Murjanda, Gidagamowd, Gawal na Warret. Yalilimwa kwa matrekta makubwa na mashine za kuvunia. Kwa hesabu ya Dar es Salaam na Ottawa, ilikuwa nchi tupu iliyokuwa ikisubiri jembe. Kwa hesabu ya Mbarbaig ilikuwa malisho bora kuliko yote, yale ambayo ng'ombe waliingia kwa zamu kufuata mvua, na ndani yake yalikuwamo makaburi ya heshima ya wazee. Trekta lilipita juu ya makaburi hayo. Njia za kwenda majini zikafungwa. Waliovuka mipaka ya shamba na mifugo yao walikamatwa na kutozwa faini.

Wanakijiji wa Mulbadaw walikwenda mahakamani. Kesi ilifunguliwa Arusha mwaka 1981, na Mahakama Kuu ikawapa haki. NAFCO ikakata rufaa, na mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu ile. Moja ya sababu zilizotolewa ilikuwa kwamba walalamikaji hawakuthibitisha, mmoja mmoja, kuwa ni wenyeji kwa maana ya sheria. Wabarbaig, katika Hanang, walishindwa kesi kwa kukosa ushahidi kwamba ni wenyeji! Wapo hapa leo watoto na wajukuu wa watu wale, na nimeona ni lazima niliseme jambo hili kwa sauti mbele yao.

Simbebeshi Jamal lawama hiyo. Kilimo hakikuwa wizara yake. Lakini aliketi katika baraza lililoidhinisha bajeti, na hakuna senti moja ya umma iliyotoka bila kupita hazina. Tunajifunza nini? Tunajifunza kwamba waziri anaweza kuwa hana shamba, hana hisa, hana nyumba ya kupangisha, na bado shirika la serikali yake likamwondoa mtu kwenye malisho ya babu yake. Kumchunguza kiongozi mfukoni ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni kuuchunguza uamuzi wenyewe: nani aliulizwa, nani anapoteza, na akilalamika anakwenda wapi.

Baadaye msaada wa Canada ulikoma, NAFCO ikabinafsishwa, na mashamba yakagawanyika, mengine yakarudi vijijini, mengine yakaenda kwa wawekezaji. Hadi leo sehemu kubwa ya ngano inayoliwa Tanzania inatoka nje. Vita vilipoanza Ukraine Februari 2022, bei ya unga wa ngano ilipanda mpaka kwenye vibanda vya chapati vya Katesh, umbali mfupi kutoka mashamba yaliyoanzishwa ili jambo hilo lisitokee.

Nirudi kwa Jamal mwenyewe, maana miaka yake ya mwisho hazina inafundisha jambo lile lile. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika 1977. Vita vya Kagera vilikula fedha 1978 na 1979. Mafuta yalipanda bei, kahawa ikashuka. Shirika la Fedha la Kimataifa lilitaka shilingi ishushwe thamani, Mwalimu Nyerere akakataa, na Desemba 1979 Mtei, wakati huo akiwa Waziri wa Fedha, akajiuzulu. Jamal akaitwa tena. Mwaka uliofuata, 1980, ndiye aliyeongoza mkutano mkuu wa mwaka wa Benki ya Dunia na Shirika la Fedha huko Washington. Mtanzania ameketi kwenye kiti cha mwenyekiti wa mabenki ya dunia, na nyumbani kwake sukari inagawiwa kwa foleni. Akina mama mnaikumbuka sabuni ya miaka ile, na mnawakumbuka waliokuwa na ufunguo wa duka la kijiji. Waliokuwa na ufunguo ndio waliokuwa matajiri, ingawa hakuna aliyewaita wafanyabiashara.

Kwa maoni yangu, Jamal na wenzake walichelewa kuliona hilo. Waliamini kuwa ukimwondoa mwenye faida, faida nayo inaondoka. Haikuondoka. Ilihamia kwa mwenye kibali, kwa mwenye stoo, kwa dereva wa lori la kampuni ya mkoa. Na kwa kuwa ilikuwa imejificha, haikuwa na sheria wala kodi.

Hoja ya nne: mlango ulipofunguliwa, taa haikuwashwa sawasawa

Februari 1991 Halmashauri Kuu ya CCM ilikutana Zanzibar na kulegeza masharti ya uongozi. Kiongozi akaruhusiwa kuwa na hisa, kuwa mkurugenzi, kupangisha nyumba. Mwaka 1995 ikapitishwa Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma, Namba 13, inayomtaka kiongozi atangaze mali na madeni yake anapoingia, kila mwisho wa mwaka, na anapotoka. Kwa hiyo kanuni ilibadilika. Zamani kiongozi aliambiwa: usiwe nacho. Sasa akaambiwa: kuwa nacho, ila tujue.

Majirani zetu wa Singida wana mfano. Mohammed Dewji, mzaliwa wa Singida, alisoma Georgetown, Marekani, akaikuza kampuni ya MeTL iliyoanzishwa na baba yake, akawa mbunge wa Singida Mjini tangu 2005 hadi 2015. Mwaka 2015 hakugombea tena, akarudi kwenye biashara. Hata hivyo hakuwahi kuwa waziri. Tofauti hiyo ina maana. Mbunge anauliza na kupitisha. Waziri anaamua na kutia saini. Kadiri mtu anavyokaribia kalamu ya kusaini, ndivyo tunavyopaswa kumuuliza zaidi kuhusu mali yake.

Tazameni Ukraine tena. Petro Poroshenko alitajirika kwa kiwanda cha peremende na chokoleti kiitwacho Roshen. Akawa Waziri wa Mambo ya Nje mwaka 2009, Waziri wa Uchumi mwaka 2012, kisha Rais mwaka 2014. Aliahidi kuuza kampuni akichaguliwa. Hakuiuza, Januari 2016 alitangaza kuwa ameikabidhi kwa wadhamini. Wakati huo nchi yake ilikuwa kwenye mapigano na wapiganaji walioungwa mkono na Urusi, na kampuni yake ilikuwa na kiwanda Lipetsk, ndani ya Urusi. Kiwanda kile kilitangazwa kufungwa mwaka 2017. Raia wa Ukraine waliuliza, na walikuwa na haki ya kuuliza: rais anapokaa mezani na adui, anafikiria askari wake au mashine zake? Huenda alifikiria askari tu. Lakini swali lenyewe lilidhoofisha neno lake, na mwaka 2019 akashindwa uchaguzi vibaya.

Haya si mambo ya marais peke yao. Nendeni sokoni msimu wa mavuno. Mnunuzi anafika na lori, anataka mbaazi, mahindi au alizeti, na gunia analolitaka ni lumbesa: limeshindiliwa, limeongezwa kichwa cha nyavu kikashonwa juu kwa kamba, linapita kilo 100 zinazoruhusiwa. Mkulima analipwa gunia moja. Sasa chukulieni mnunuzi huyo, au mdhamini wake, au shemeji yake, anagombea udiwani na anashinda. Anaingia kwenye kamati inayozungumzia ushuru wa mazao, vizuizi vya barabarani, na sheria ndogo za vipimo. Anaweza kuwa mtu mwema kabisa. Anaweza kuwa ndiye anayelijua soko kuliko wajumbe wote, na kwa ujuzi huo ningependa awepo. Lakini siku ajenda ya lumbesa inapoletwa, anapaswa asimame aseme, "Mwenyekiti, mimi nina maslahi katika jambo hili," kisha atoke nje wakati wa kura. Taratibu za halmashauri zinamtaka afanye hivyo. Madiwani nao wamo katika sheria ile ya maadili ya 1995. Mheshimiwa Diwani, nakushukuru kwa kutikisa kichwa. Naomba na wenzako wasikie.

Hoja ya tano: mpiga kura wa hapa amewahi kuonyesha kuwa anaweza

Hii nitaisema kwa ufupi, ila naisema kwa fahari. Katika uchaguzi wa 1960 TANU ilichukua viti 70 kati ya 71 vya Tanganyika. Kiti kimoja tu kiliponyoka. Kilikuwa cha Mbulu. Chama kilikuwa kimemsimamisha Chifu Amri Dodo; watu wa Mbulu wakamchagua Herman Sarwatt, mwana-TANU mwenyewe, aliyesimama kama mgombea binafsi. Walikipenda chama, waliutaka uhuru, lakini hawakukubali kuchaguliwa mtu. Nchi nzima ilistaajabu.

Waliofanya hivyo ni wazazi na babu zenu. Hawakuwa na redio nyumba kwa nyumba wala simu mkononi. Walikuwa na mikutano chini ya miti, na walikuwa na maswali.

Tunakwenda wapi kutoka hapa

Uchaguzi wa vijiji na vitongoji ulifanyika Novemba 2024, kwa hiyo utakuja tena 2029, na wa madiwani, wabunge na Rais utafuata 2030. Miaka hiyo si mingi. Watakuja wafanyabiashara kuomba kura, na mimi natumaini watakuja, kwa sababu Hanang inahitaji watu wanaojua kuendesha ghala, kusindika alizeti, kuuza ng'ombe mbali na hapa kwa bei nzuri. Natumaini pia watakuja wafugaji, walimu, na akina mama wa vikundi vya kuweka na kukopa, wenye hesabu safi kuliko ofisi nyingi.

Naomba tufanye mambo machache kabla ya hapo. Vijana mnaoandika kwenye madaftari, chukueni Sheria ya Maadili na kanuni za madiwani, mzisome kwa Kiswahili kwenye mikutano ya vijiji, kifungu baada ya kifungu, hadi mama muuza nyanya ajue diwani anatakiwa kutamka nini. Rejista ya mali za viongozi ipo Sekretarieti ya Maadili, na sheria imeweka utaratibu wa mwananchi mwenye malalamiko kuomba kuiona. Utaratibu huo ni mgumu, na wabunge wetu waulizwe kwa nini hautarahisishwa. Zabuni za kata, iwe ya darasa, ya kisima au ya kalvati, zibandikwe ubaoni zikiwa na jina la mzabuni na la wakurugenzi wake. Na ardhi ya malisho iliyobaki kijijini ipimwe, iandikwe kwenye mpango wa matumizi ya ardhi, na hati zihifadhiwe mahali pawili, ili mtu wa Mulbadaw au Getanuwas asiambiwe tena mahakamani athibitishe kwamba yeye ni wa hapa.

Walimu wa sekondari, mna kazi yenu pia. Katika somo la historia wafundisheni watoto jina la Jamal kama mnavyowafundisha majina mengine ya Uhuru, na mwelezeni mzima: aliyetia saini noti ya kwanza, aliyekubali kuishi kwa masharti ya Azimio, na aliyekuwa hazina wakati tambarare hizi zinalimwa bila ridhaa ya wenyewe. Wataweza kuyabeba yote matatu. Kisha wapeni zoezi: waende kwa mgombea yeyote mwenye duka, lori au mashine ya kusaga, wamuulize kwa adabu ni kitu gani atakachokiacha nje ya mlango wa halmashauri, waandike alichojibu, na waitunze karatasi hiyo hadi mwisho wa muhula wake.

Ndugu Mwenyekiti, nimemaliza. Muda wa maswali umebaki, na ningependa swali la kwanza litoke kwa wale walioko mlangoni.